Aliyeacha kanisa naye hufiwa

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo ya juma hili nataka kugusa jambo ambalo kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona. Ni habari ya mtu aliyelelewa katika Ukristo, akabatizwa, pengine akapata kipaimara na kuimba kwaya, halafu akiwa mtu mzima imani ikamtoka. Watu wa namna hiyo wapo, mijini na vijijini, ingawa wengi wao hawajitangazi. Siku za kawaida hakuna anayewatambua. Jumapili husema wana kazi au wako safarini. Wanapofiwa ndipo jambo lao hudhihirika, kwa sababu msiba wetu, tangu kuaga mwili hadi kusimika msalaba kaburini, umesukwa kwa maneno ya dini.

Sikusudii kumshawishi mtu aache dini yake, wala kumrudisha kanisani aliyekwisha kutoka. Kazi hizo zina watu wake. Nataka kueleza mtu huyo anapofiwa anapungukiwa na nini, anabakiwa na nini, na sisi tunaokwenda kumpa pole tufanye nini. Nayasema haya nikiwa mmoja wao, kwa hiyo si mambo ya kusimuliwa.

Kwanza tuondoe dhana mbili. Wapo wanaodhani kwamba asiye na imani hahuzuniki sana, maana moyo wake umekuwa mgumu. Hilo halina ukweli wowote. Anayempenda mama yake humpenda kwa moyo uleule, awe anasali au hasali. Wengine hudhani kwamba mtu huyo ana ugomvi na Mungu, na kwamba msiba ni fimbo ya kumrudisha zizini. Hilo nalo mara nyingi si kweli. Kuna watu walioacha kanisa kwa hasira baada ya kufiwa, lakini wako wengi ambao imani iliwatoka polepole, kama rangi ya kitambaa kinachoanikwa juani kila siku. Hawana ugomvi na mtu. Hawaamini tena, basi.

Mtu kama huyo akifiwa hupungukiwa na mambo matatu. La kwanza linajulikana na kila mtu, nalo ni tumaini la kuonana tena na aliyekufa. La pili halisemwi sana. Muumini ana mtu wa kumlalamikia. Anaweza kupiga magoti usiku akauliza, kwa nini umenitenda hivi? Hata asipojibiwa, swali lake lina mahali pa kwenda. Asiyeamini ana swali hilohilo, lakini hana wa kumwuliza. La tatu ni maneno. Dini humpa mfiwa maneno yaliyo tayari, ya kusema asubuhi, jioni, kaburini na siku ya arobaini. Mtu aliyeyaacha maneno hayo hujikuta amesimama katikati ya watu, mdomo mkavu, hajui hata mikono yake aiweke wapi wengine wanapoikunja kuomba.

Nilipomzika dada yangu mkubwa niliyaonja yote matatu. Dada alikuwa mtu wa kwaya ya akina mama, naye aliniombea kwa miaka mingi bila kunificha. Familia iliponitaka nisome somo katika ibada ya mazishi, nilisoma. Ibada ilikuwa yake, mimi nilikuwa msomaji tu, na sikuona sababu ya kumnyima marehemu heshima aliyoitaka. Lakini mzee mmoja alinivuta pembeni chini ya turubai akaniambia, "Kijana wangu, sasa umeona? Rudi nyumbani." Alikuwa na nia njema, najua. Hata hivyo maneno yale yaliniuma kuliko mchanga uliokuwa ukianguka juu ya sanduku, maana yalimgeuza dada yangu kuwa fundisho.

Kilichonisaidia kilikuja kwa njia nyingine. Dada alikuwa katika upatu wa wanawake wa mtaani kwake. Alikwisha pokea zamu yake, na alikuwa amebakiza kuchangia mara tatu. Nikaenda kila mwisho wa mwezi, nikakaa mkekani na wale akina mama, nikalipa. Wao walisimulia mambo ya dada ambayo sikuyajua. Baada ya mwezi wa tatu deni lilikwisha, lakini nilikuwa nimejifunza kwamba kumtimizia marehemu ahadi yake ni namna mojawapo ya kuzungumza naye.

Ndugu msikilizaji, mambo ya mtu mmoja hayatoshi kuwa hoja. Kwa hiyo naomba twende mbali kidogo, hadi Uingereza ya karne ya 19. Naenda huko kwa sababu kuna nyumba moja ambayo barua zake za msiba zimehifadhiwa, nasi tunaweza kufuata siku kwa siku jinsi mume aliyekuwa akipoteza imani na mke aliyeishika walivyomlilia mtoto wao. Nyumba hiyo ni ya Charles Darwin, mtaalamu wa elimu ya viumbe, na mkewe Emma.

Jina la Darwin wengi wetu tulilisikia shuleni, na wengine kanisani likitajwa kwa ubaya. Kinachosahauliwa ni kwamba alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge ili awe kasisi. Hata alipoanza safari yake ya kuizunguka dunia mwaka 1831 alikuwa Mkristo wa kawaida, na mabaharia walimcheka kwa jinsi alivyoitaja Biblia katika mabishano. Kabla ya kumwoa Emma mwaka 1839 alimweleza mashaka yake, ingawa baba yake alimshauri ayafiche. Emma aliumia. Alikuwa amefiwa na dada yake kipenzi, Fanny, mwaka 1832, na tumaini la kuonana naye lilikuwa nguzo yake. Alimwandikia mumewe barua ya upole akieleza hofu yake kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Darwin aliitunza barua hiyo maisha yake yote, na chini yake aliandika kwamba mara nyingi aliibusu na kuilowesha kwa machozi.

Watoto wao walikuwa kumi, na watatu walikufa wakiwa wadogo. Msiba uliowaelemea zaidi ulikuwa wa Annie, binti yao mkubwa, aliyezaliwa tarehe 2 Machi, 1841. Machi 1851 Darwin alimpeleka katika mji wa Malvern kwa daktari aliyetibu kwa maji baridi. Hali ikawa mbaya. Emma alibaki nyumbani kijijini Downe, karibu na London, kwa kuwa alikuwa amekaribia kujifungua. Siku zile za mwisho Darwin alikaa kando ya kitanda, akimwandikia mkewe kila badiliko, kila tone la maji ambalo mtoto aliweza kulimeza. Tarehe 23 Aprili, 1851, Annie akafariki akiwa na umri wa miaka kumi.

Ukiyafuata yaliyotokea baada ya hapo utaona mambo mawili. Darwin hakungoja mazishi. Aliwaachia ndugu wamzike mtoto kule Malvern, naye siku iliyofuata akasafiri kurudi kwa mkewe. Kwetu jambo hilo lingesemwa vibaya, baba kuondoka kabla ya mwanawe kufukiwa. Lakini Emma naye alikwisha kumwandikia barua. Mama yule aliyeamini mbingu kwa moyo wote hakumhubiria mumewe saa ile. Alimwambia kwamba yeye ndiye hazina yake ya kwanza, na kwamba faraja pekee aliyoitumaini ni kumwona amerudi salama, walie pamoja.

Jambo la pili ni alilolifanya Darwin juma moja baadaye. Tarehe 30 Aprili alikaa akaandika kumbukumbu fupi ya mtoto wake. Aliandika kwamba anaiandika ili miaka ijayo, kama wataishi, wasizisahau tabia zake. Akaeleza alivyokuwa akitangulia mbele yake kwenye njia ya matembezi huku akijizungusha kwa madaha, alivyomchezea nywele baba yake kwa nusu saa nzima, na alivyoshuka ngazi mbio akiwa ameiba ugoro kidogo amletee, uso wake ukimeremeta kwa furaha ya kumfurahisha. Hakuandika kwamba watakutana mbinguni. Lakini mwishoni alitamani binti yake angejua jinsi wanavyompenda na watakavyompenda daima, kisha akamtakia baraka.

Baraka kutoka kwa nani? Mwanachuoni anaweza kuuliza hivyo, lakini mfiwa hawezi. Imani inaweza kuondoka na lugha yake ikabaki moyoni, na hakuna haja ya kuifukuza. Na sisi tunaotumia Kiswahili tuna neno la namna hiyo midomoni kila siku. Tunaposema "marehemu" tunasema neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya aliyerehemiwa. Ndani yake mna dua. Mwislamu hulitumia, Mkristo hulitumia, na asiye na dini hulitumia bila kusitasita. Mimi sijaona bado mtu aliyekataa kumwita mama yake marehemu kwa sababu ya falsafa.

Katika nyumba ile walikuwamo pia watoto. Henrietta, mdogo wake Annie, alikuwa na umri wa miaka saba. Baada ya msiba alianza kuhangaika kama yeye ni mwema kiasi cha kutosha, akamwuliza mama yake wanawake huenda wapi, maana malaika wote ni wanaume. Hapo tunapata fundisho ambalo wazazi wengi hulipita. Mkimwambia mtoto habari za mbinguni, au mkinyamaza kabisa, yeye anaendelea kuwaza peke yake. Inafaa aulizwe anawaza nini.

Je, ni kifo cha Annie kilichomtoa Darwin katika Ukristo? Wataalamu wa historia hawakubaliani. Yeye mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika mwaka 1876, alisema kutokuamini kulimjia taratibu sana mpaka kukakamilika. Aidha alisema hawezi kukubali fundisho kwamba wasioamini wataadhibiwa milele, kwani miongoni mwao wangekuwamo baba yake, kaka yake na karibu rafiki zake wote wa dhati. Baba yake alikufa mwaka 1848. Mwaka 1887 habari hizo zilipochapishwa, Emma aliomba maneno hayo makali yaondolewe, na hayakuonekana mpaka mjukuu wao alipoyarudisha mwaka 1958. Hata mafundisho ya jehanamu, kwa hiyo, yanaweza kuwa habari ya msiba. Msikilizaji aliyewahi kusikia mahubiri ya moto mbele ya jeneza la baba asiyesali anaelewa ninalosema.

Pamoja na hayo Darwin hakujitenga na wanakijiji. Hakuhudhuria ibada, lakini kasisi wa kijiji, John Brodie Innes, alikuwa rafiki yake kwa miaka mingi, na Darwin alikuwa mtunza fedha wa chama cha wanakijiji cha kuweka akiba na kusaidiana, kitu kinachofanana na vyama vyetu. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1882. Baadaye, mwaka 1915, kukatangazwa hadithi ya mama mmoja wa Kiingereza aliyedai kwamba alimtembelea Darwin karibu na kufa kwake akamkuta anatubu. Henrietta alikuwapo baba yake alipokufa, na mwaka 1922 aliikanusha hadharani. Hadithi hiyo ingali inasimuliwa hata leo. Tazama jinsi watu wanavyopenda kumfanya maiti shahidi wa upande wao.

Rafiki wa Darwin, Thomas Henry Huxley, alionja machungu ya aina nyingine. Mwaka 1860 mwanawe wa kwanza, Noel, alikufa kwa homa ya vipele vyekundu kabla hajatimiza miaka minne. Kaburini kasisi alisoma yale maneno ya Mtume Paulo yanayosema kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi tule na kunywa. Kwa kasisi ilikuwa ratiba ya kawaida ya mazishi. Kwa Huxley ilikuwa kama kuambiwa kwamba asiyeamini ufufuo hana njia ila ulafi. Alimwandikia rafiki yake Charles Kingsley, ambaye alikuwa kasisi, kwamba hata nyani akiuliwa mtoto wake huhuzunika mpaka mwisho wa huzuni yake, wala hakimbilii kujishibisha. Kingsley ndiye aliyetangulia kumwandikia barua ya pole, naye Huxley alimjibu kwa kirefu na kwa uaminifu, kwa vile aliona rafiki yake hakuja kumwinda. Waliendelea kuwa marafiki, kila mmoja na msimamo wake.

Basi turudi kwetu. Nimewaza sana juu ya misiba yetu, nami nimeona kwamba ina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja. Sehemu moja ni ibada. Sehemu ya pili ni ile kazi inayofanywa na watu wote bila kuulizwa dini: kuchimba kaburi, kuteka maji, kukoroga uji wa waombolezaji, kuandika rambirambi kwenye daftari, kulala mkekani na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Hata maneno yetu ya kwanza ya kumpa mfiwa hayadai imani yoyote. "Pole" humwambia mtu aende taratibu, apoe. "Makiwa," kama wasemavyo watu wa pwani, hutokana na ukiwa, yaani hali ya kuachwa peke yako. Neno hilo linautaja msiba wenyewe na kukoma hapo. Halitoi sababu wala halidai jibu.

Wahenga nao walisema kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Kwa kawaida tunalitumia kumwambia mtu ajisaidie kwanza. Lakini lina adabu nyingine ndani yake. Mfiwa ndiye anayetoa sauti ya kwanza, nasi tunaitikia kwa sauti ile ile aliyoianza. Akianza kwa sala, tuitikie sala. Akianza kwa kumya, tukae naye kimya. Akianza kwa kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akipika samaki, tumwulize alitia ndimu au hakutia.

Kwa wewe unayekwenda kumpa pole mtu aliyeacha imani, nina maneno machache. Usimwambie Mungu alimpenda marehemu zaidi, wala kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kama unajua kwamba maneno hayo hayana mahali pa kushika moyoni mwake. Kama wewe ni mtu wa sala, ukamwombee nyumbani kwako kwa siri, hakuna atakayekuzuia. Mbele yake mtaje marehemu kwa jina. Simulia jambo moja unalolikumbuka. Rudi tena baada ya mwezi, wakati turubai limekwisha kushushwa na sufuria zimekwisha kurudishwa kwa wenyewe, maana ndipo upweke unapoanza. Na mabishano ya kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu yaahirishwe. Yamengoja karne nyingi, yanaweza kungoja matanga yaishe.

Kwa wewe uliyeacha imani na umefiwa, nakwambia haya kama ndugu. Aliyekufa akiwa muumini, mzike kwa ibada yake bila kununa. Kusimama wenzako wanaposimama si unafiki, ni adabu. Usilazimike kusema maneno usiyoyaamini, lakini pia usichague siku ya kaburi kuwa siku ya kujitangaza. Baada ya hapo tafuta maneno yako mwenyewe. Andika kama Darwin alivyoandika, hata kama ni kurasa mbili za daftari la shule, kabla sauti na mwendo wake havijafifia akilini. Tunza kitu chake. Emma, ambaye aliamini, alitunza kisanduku cha Annie chenye kalamu zake, nyuzi zake za kudarizi na nywele zake kidogo, na kitukuu wa mtoto wao mmojawapo ndiye aliyekiandikia kitabu mwaka 2001. Kisha maliza kazi moja ambayo marehemu aliiacha: lipa deni lake, somesha mtoto wake, palilia migomba yake. Ukijikuta unazungumza naye peke yako jikoni, zungumza. Na kama hutaki ibada siku yako itakapofika, waambie nduguzo mapema, tena kwa maandishi, usiwaachie wagombane juu ya mwili wako.

Sitasema kwamba haya yote yanajaza pengo la tumaini la kuonana. Hayalijazi. Dada yangu sitarajii kumwona tena, na kuna jioni ambazo jambo hilo hunikaba koo. Ninachosema ni kwamba huzuni ya namna hiyo inaweza kubebeka, hasa ikiwa anayeamini na asiyeamini hawatagombania maiti. Emma alikuwa na mbingu yake, mumewe hakuwa nayo, lakini kilio chao kilikuwa kimoja, na ndoa yao ilidumu miaka 43 mpaka kifo kilipowatenganisha.

Nawatakia wafiwa wote wanaonisikiliza, wenye dini na wasio na dini, makiwa. Tukutane juma lijalo, majaliwa.